Ukitua Maldivi, Panda Basi na Ukae Kushoto

Wadogo zangu mnaokuja kufanya kazi hotelini mnaniuliza swali lilelile: "Kaka, nikishuka kwenye ndege naendaje Malé?" Nawajibu hapa mara moja. Nipo jikoni kwenye hoteli ya kisiwani, mwaka wa tano sasa, na karibu kila siku yangu ya mapumziko navuka daraja la Sinamalé, linalounganisha uwanja wa ndege na mji mkuu, Malé.

Uwanja wa ndege wa Velana hauko Malé. Uko kisiwa kingine, Hulhulé, na mji mkuu unauona ng'ambo ya mkondo, kama unavyoiona Posta ukiwa Kigamboni. Zamani ilikuwa lazima upande boti. Mimi nimekulia kwenye foleni ya pantoni, sihitaji kuelezwa maana yake. Daraja lilifunguliwa tarehe 30 Agosti 2018.

Kabla ya safari jaza mtandaoni fomu ya IMUGA, ile ya uhamiaji wa Maldivi, ndani ya saa 96 kabla ya kuruka. Ni bure, usimlipe mtu akujazie. Pombe usibebe kabisa. Ukifika, badili dola chache upate rufiyaa, pesa ya huku, za nauli. Kwa bei rasmi dola moja ni 15.42.

Sasa basi. Hapa nisikilizeni vizuri, maana siku yangu ya kwanza niliona "malé" mwishoni mwa kibao, nikapanda kwa furaha. Kumbe kimeandikwa Hulhumalé, kisiwa kilichojengwa kwa kufukia bahari, upande mwingine kabisa! Nikashuka na sanduku langu kwenye jua la saa saba. Kwa hiyo usisome kibao tu, muulize dereva: Malé?

Ukishapanda, kaa kushoto, dirishani. Magari huku yanapita kushoto kama kwetu, hivyo upande huo ndio unaotazama bahari kuu. Maji ya kijani juu ya mwamba yanakatika ghafla, yanakuwa ya bluu nzito: hapo ndipo penye mkondo. Simu iwe mkononi tayari, kwa sababu daraja lina kilomita 1.39 tu, na dereva hatakusubiri upige picha.

Mwenyeji akikupa lifti ya pikipiki, funga kofia vizuri. Mei mpaka Oktoba, msimu wanaouita hulhangu, upepo unapiga kwa ubavu. Yangu ya Simba ilichukuliwa katikati ya daraja na sikugeuka hata kuiangalia.

Ukishuka Malé usikimbilie madukani. Rudi kwa miguu mpaka Raalhugandu, chini ya mguu wa daraja, ulitazame kutoka chini. Vijana wanateleza na mbao juu ya mawimbi yaleyale yaliyowasumbua wajenzi, kwani nguzo zile zimesimikwa kwenye mwamba wa matumbawe, mahali penye mawimbi makubwa. Wengi wanaliita "la msaada wa China", na ni kweli nusu na zaidi kidogo. Katika dola milioni 200 hivi, 116 zilitolewa bure, 72 ni mkopo, na serikali ya Maldivi ikatia 12.6. Mkopo unalipwa, jamani. Mimi bado naona wamepata kitu cha maana. Aliyewahi kusubiri boti na mgonjwa hatabishana nami.

Ukiwa hapohapo angalia ukuta wa bahari, yale mazege yenye miguu minne yaliyopangwa yakashikana. Huo ni msaada wa Japani, ulioanza baada ya mawimbi kuingia mjini mwaka 1987. Mnara wa kumbukumbu ya tsunami ya 2004 uko jirani. Watu wanapiga picha za daraja wakiupa ukuta mgongo, na mimi ukuta ndio unanigusa zaidi.

Ijumaa usipange kuvuka karibu na saa ya swala. Maduka yanafungwa na usafiri unapungua, utakaa kituoni bure. Vuka asubuhi mapema, tafuta mgahawa mdogo wa chai, uagize mas huni: jodari aliyechambuliwa, nazi ya kukuna, kitunguu, pilipili na ndimu, unakula na roshi, ambayo ni chapati ya kwao, nyembamba, haina mafuta mengi. Chai ya rangi sema "kalhu sai". Sukari waambie mapema.