Somo: Kumfundisha mtoto wa darasa la tatu kutafuta habari za fisi

Anza na swali, si na mnyama. Mtoto akiambiwa "tafuta habari za fisi" atanakili ukurasa mzima. Aulizwe jambo moja: fisi hula nini? Huzaa watoto wangapi? Watoto watatu wapewe kadi moja: swali juu, jibu katikati, chini jina la kitabu na namba ya ukurasa.

1. Weka mezani kitabu cha ngano na cha maarifa, waulize kipi kitawajibu. Ngano zimemfanya fisi mlafi anayengoja mizoga tu, na watoto huja na jibu hilo tayari. Kumbe fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake.

2. Kwenye maktaba inayofuata mpango wa Dewey (vitabu hupangwa rafuni kwa namba za mada), mamalia wako 599, ndege 598.

3. Faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni mwa kitabu. Hapa msiharakishe. Watoto hupekua kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wachoke. Wafungue nyuma, watafute F, kisha "fi". Wakimkosa fisi, wajaribu "mamalia" au "wala nyama". Wakipata jibu, wasome, wafunge kitabu, ndipo waandike. Kikibaki wazi watanakili tu.

4. Kanzidata, yaani hifadhi ya habari zilizopangwa ili zitafutwe kwa urahisi. Neno "fisi" pekee halitoshi, kwani Afrika Mashariki ina fisi madoa (Crocuta crocuta) na fisi miraba (Hyaena hyaena). Andika jina la kisayansi ubaoni, wanakili herufi kwa herufi. Tovuti ya Animal Diversity Web ya Chuo Kikuu cha Michigan ina kurasa zilizogawanywa vizuri: makazi, uzazi, chakula. Ni za Kiingereza, hivyo mwalimu atafsiri vichwa kwanza.

Maswali

Mwalimu, vyanzo viwili vimetofautiana uzito. Tufuate kipi?
Huenda vyote ni sahihi. Fisi madoa jike ni mkubwa kuliko dume, basi angalieni amepimwa yupi. Angalieni na kipimo: vitabu vya Marekani hutumia pauni, na pauni 1 ni takriban kilo 0.45. Kadi ibebe majibu yote mawili, kila moja na chanzo chake.

Shule yetu haina intaneti, tufanyeje?
Chapisheni kurasa chache mahali penye mtandao. Kisha zile kadi za watoto zipangeni kialfabeti kwenye boksi, na pembeni mtie rangi kulingana na chakula cha mnyama: nyekundu wala nyama, kijani wala majani. Hiyo tayari ni kanzidata, na watoto wanatafuta humo kwa njia mbili.

Na ambaye hajasoma vizuri bado?
Mpe swali linalojibiwa na ramani ya makazi au maelezo mafupi chini ya picha.