Hofu ikikuamsha saa nane usiku

Ukishtuka saa nane usiku moyo unakwenda mbio, usianze kukemea mapepo. Najua wenzangu wa maombi watanuna, lakini kupaza sauti gizani kunazidi kukuchemsha, na majirani wa Makorora hapa Tanga, ukuta kwa ukuta, wanaamka nao. Zaburi ya 4, mstari wa 4, inasema tutafakari vitandani mwetu na kutulia. Kutulia, basi.

Kaa kitako, weka miguu sakafuni, taa usiiwashe. Vuta pumzi taratibu, kisha uitoe polepole kuliko ulivyoivuta, huku ukinong'ona mstari wa 8: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara." Rudia mpaka mapigo yapungue. Uwe umeukariri mchana. Usiku si wakati wa kupekua Biblia, na ukishika simu kutafuta andiko utaangukia kwenye kundi la familia, kuna tangazo la msiba, basi tena.

Halafu itaje hofu yako kwa Mungu kwa jina lake. Usiseme "Bwana, niondolee roho ya hofu" ukaishia hapo. Sema: "Bwana, naogopa marejesho ya kikoba Jumamosi, sina hata nusu." Petro anaposema tumtwike fadhaa zetu zote, mimi naelewa hata deni la kikoba limo. Mtu hawezi kutua mzigo asioujua.

Ndiyo maana kazi kubwa huanza jioni. Mimi nina daftari la shule la mjukuu, limebaki kurasa nyuma. Baada ya chakula naandika yanayonikaba, na mbele ya kila moja naweka nitakalofanya kesho: kumpigia mwenye nyumba, kupeleka vitenge kwa mteja wa Chumbageni. Yasiyo na la kufanya nayaombea, nafunga daftari, nalitoa chumbani. Kahawa ya barazani, ile chungu ya vikombe vidogo, naiacha mapema, hata wakiniita na kashata.

Sauti nazo uzijue. Embe likidondoka juu ya bati ni embe. Bundi anatafuta panya.

Ukiona wiki zinapita hulali, kifua kinabana au umeanza kuona heri ungekufa, mwambie mchungaji, na siku hiyohiyo nenda kwa daktari, hata pale hospitali ya Bombo. Asikwambie mtu kwamba huna imani.

Mtoto akikimbilia kitandani kwako, usimwambie hakuna kitu wakati amesikia. Mwulize amesikia nini, chukueni tochi, mchungulie pamoja dirishani, kisha mwache aombe kwa maneno yake. Mjukuu wangu aliogopa komba, maana mnyama huyo wa usiku hulia kama kichanga. Tulipommulika pale mwembeni, akamwombea apate chakula, akaitika amina mwenyewe, akalala kabla yangu.