Kutambua Oili ya Injini Iliyoingiliwa na Vumbi, Maji au Petroli Kwenye Gari Dogo

Weusi wa oili peke yake si ugonjwa. Oili ina dawa za kusafishia, na kazi yake ni kuyachukua masizi na kuyabeba yasigande kwenye pistoni, kwa hiyo lazima ibadilike rangi. Ya kuogopwa ni oili iliyoingiliwa: vumbi, maji, petroli au chenga za chuma. Hayo unaweza kuyachunguza mwenyewe kwa stiki ya oili, karatasi nyeupe, kijiko kikuukuu na sumaku.

Anza na kipimo. Egesha mahali tambarare, injini iwe imepata moto, izime, kisha subiri dakika 10 oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, chomoa tena ndipo usome. Andika tarehe, kilomita na oili ilipofikia. Injini haizalishi oili: ikiwa wiki iliyopita ilikuwa katikati ya alama mbili na leo imepanda bila kuongezwa, kuna petroli au maji ndani.

Ila hakikisha kwanza haikujazwa kupita kiasi siku ya kubadilisha. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Toyota IST nyingi, huchukua lita 3.7 pamoja na filta mpya, na galoni ni ya lita 4. Fundi akimimina galoni nzima, stiki itaonyesha juu ya alama tangu siku ya kwanza.

Sasa tone. Chukua karatasi nyeupe inayonyonya, ya kuchujia kahawa au tishu nzito ya jikoni, na uilaze juu ya mdomo wa kikombe ili katikati isiguse kitu. Dondosha tone moja kutoka kwenye stiki, na pembeni yake tone la oili mpya ya kulinganishia. Iache ndani ya nyumba, mbali na upepo, mpaka kesho yake. Tone likisambaa na weusi ukafifia taratibu kuelekea nje, oili bado inabeba uchafu vizuri. Weusi ukikaa katikati kama doa la wino lenye ukingo mkali, dawa imekwisha: imwage. Pete pana yenye rangi hafifu nje ya doa huashiria petroli, na ukingo wenye meno meno huashiria maji. Tone ni kidokezo tu, kwa hiyo thibitisha kwa vipimo vifuatavyo.

Vumbi

Kwa gari la Dodoma hili ndilo la kwanza kulitafuta, hasa wakati wa kiangazi na kwa anayeingia barabara za vijijini Bahi, Chemba au Mpwapwa. Vumbi letu lina mchanga mwembamba ambao ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Likichanganyika na oili, oili yenyewe inageuka msasa: ringi za pistoni zinalika, injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Wengi husugua oili kati ya vidole, na wasipohisi chenga wanaridhika. Usiridhike. Vumbi linaloua injini ni jembamba kiasi kwamba vidole havilihisi.

Kipimo cha kuaminika kiko kwenye njia ya hewa. Injini ikiwa imezimwa, fungua boksi la ea klina, kisha pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira wa hewa, upande ule hewa inakoelekea injini. Hapo panatakiwa pawe safi kabisa. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, hewa inapita bila kuchujwa. Sababu huwa ea klina isiyolingana na boksi, klipu isiyofunga, mpira uliopasuka kwenye mikunjo, au ea klina ya karatasi iliyofuliwa au kupulizwa kwa upepo mkali wa kompresa mpaka ikatoboka. Kagua pia mpira mdogo kwenye shingo ya stiki na mfuniko wa oili, kwa sababu hewa hunyonywa hata hapo. Ziba njia ya vumbi kwanza, ndipo umwage oili na filta. Kubadilisha oili huku mpira umepasuka ni kupoteza fedha.

Maji

Oili yenye maji huwa kama chai ya maziwa. Angalia imekaa wapi. Utando mwembamba chini ya mfuniko pekee, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai kwa gari linalokwenda mwendo mfupi wa mjini, mara nyingi ni mvuke uliogeuka maji. Futa, liendeshe nusu saa au zaidi mfululizo likiwa na moto wake kamili, kwa mfano kwenda Chamwino na kurudi, kisha angalia tena. Utando usiporudi, endelea na safari zako.

Maziwa yakiwa kwenye stiki, simama. Weka tone dogo kwenye kijiko, kipashe moto kwa chini, uso ukiwa mbali. Oili safi itatoa moshi kimya. Yenye maji itatatarika kama chumvi motoni. Kisha, injini ikiwa baridi, angalia maji ya rejeta. Usifungue rejeta yenye moto kamwe. Yakiwa yanapungua bila kuvuja nje, na bomba likitoa moshi mweupe usiokoma, inayoshukiwa ni gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepinda au kupasuka baada ya injini kuchemka. Usiliendeshe, livutwe: maji ya rejeta huharibu beringi za krenki upesi. Gari lililovuka korongo lililojaa masika nalo lipimwe hivi kabla ya safari nyingine.

Baada ya hedi kusawazishwa na gasketi kubadilishwa, weka oili ya bei nafuu yenye gredi sahihi, iwashe dakika 15 bila kulitembeza, imwage pamoja na filta, ndipo uweke oili ya kudumu.

Petroli

Nusa stiki, bila sigara wala moto karibu. Harufu kali ya petroli, oili nyepesi inayodondoka kama maji, na kipimo kinachopanda: mafuta yanateremka kupitia ringi bila kuungua. Mara nyingi injini inamisi, yaani silinda moja haichomi mafuta, kwa sababu ya plagi au koili iliyokufa, au nozeli inayopuliza petroli inavuja. Tengeneza hilo, kisha badilisha oili siku hiyo hiyo.

Chuma na tope

Unapomwaga oili, pitisha sumaku kwenye chombo na kwenye bolti ya sampu. Ungaunga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho si kawaida. Chenga za chuma zinazonaswa huweza kutoka kwenye ringi au tamingi cheni. Zinazong'aa bila kunaswa ni aluminiamu ya pistoni au beringi. Ukitaka uhakika, pasua filta, lakini kwa mkasi wa bati. Msumeno wa chuma utaacha chenga zake na kukudanganya. Kamua karatasi ya ndani, itandaze juani na uitazame.

Tope zito jeusi chini ya mfuniko linatokana na oili iliyokaa muda mrefu mno. Hatushauri dawa kali ya kusafishia injini iliyofikia hapo, kwa sababu tope hung'oka kwa mabonge na kuziba chujio la pampu. Badilisha oili na filta, rudia baada ya kilomita 1,000, kisha 2,000. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, simama pembeni na uzime injini papo hapo, hata kama stiki inaonyesha imejaa.