Somo: Kupanda mikoko ikashika

Kila Juni, Siku ya Mazingira, fukwe zetu hujaa watu wenye fulana mpya na miche mkononi. Rudi baada ya mwezi uone: vijiti vimelala kifudifudi. Nia ipo, mahali ndipo panapokosewa.

1. Uliza mikoko ya zamani ilikwenda wapi. Kama ilikatwa boriti, panda. Kama ilikufa yenyewe, kuna jambo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hori (mkono wa bahari) la Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia na miti ikafa imesimama. Pengine ni barabara iliyoziba mkondo. Hapo chukueni majembe mfungue maji kwanza. Yakianza tena kupwa na kujaa, mbegu nyingi huja zenyewe.

2. Kila aina ya mikoko na pake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapigwa na wimbi. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mbegu ndefu, kwenye tope laini, kisha muia na mkandaa. Mchu huelekea nchi kavu, ingawa ni mjanja: utaukuta na mbele pia, pamoja na mlilana. Watu hupeleka mkoko mbele kwa kuwa mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota, na wimbi linaing'oa. Nyasi za bahari nazo msizifunike kwa miche. Samaki wanalisha pale.

3. Kuchuma. Mbegu ya mkoko itazame shingoni, inapokutana na tunda. Pete ya manjano ikitokeza imekomaa, ukiigusa inajichomoa. Ya kijani tupu iache mtini, iliyotobolewa na wadudu itupe. Hifadhi kivulini, ndani ya gunia bichi.

4. Kupanda. Subiri bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) lianze kupungua, ili siku zinazofuata maji yasiwe na nguvu. Ncha iliyochongoka iende chini, theluthi moja ya mbegu ndani ya tope, mche hadi mche mita moja. Mchu na mlilana vipitishe kitaluni kwanza, mahali maji ya chumvi yanapofika.

5. Kutunza. Zungumzeni na wafugaji mapema. Mbuzi na ng'ombe wanapenda majani ya mchu kuliko mnavyodhani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama, Kilwa. Tuanze tu, au kuna ruhusa?*

Marahaba mama. Anzeni kwa serikali ya kijiji, kisha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), maana mikoko ya Tanzania ni hifadhi ya serikali. Kenya ni vivyo hivyo tangu 1932. Huko mlango ni KFS, idara ya misitu ya Kenya.

*Kaka, hela za kaboni tunazipataje? Tumesikia Gazi wanalipwa.*

Wanalipwa kweli. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi, Kenya, unauza kaboni (yaani unalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko huifyonza na kuihifadhi) tangu 2013, kwa hekta 117. Lakini sehemu kubwa ya hizo ni msitu wa asili uliolindwa, miti ya kupandwa ni kidogo. Na pesa haziingii mfukoni mwa mtu: zimekwenda kwenye maji ya kijiji na shule. Mwenye msitu uliosimama aulinde kwanza.

*Bahari imeshakula minazi ya mbele, sasa inakaribia nyumba. Nikipanda mikoko itazuia?*

Pole sana ndugu yangu. Mikoko hupunguza nguvu ya wimbi na kushika udongo, ila inataka hori au ghuba iliyotulia. Ufuo wa mchanga ulio wazi haikai, hata upande mara ngapi. Sehemu kama hizo serikali hujenga ukuta, kama ule wa Dar es Salaam kando ya barabara ya Barack Obama. Usijijengee peke yako: ukuta mfupi hulisukuma wimbi likale kwa jirani. Tuma picha maji yakiwa yamekupwa, nione chini ni tope, mchanga au mwamba.