Kuandaa orodha ya kazi za mwanahistoria: mfano wa Bethwell Ogot

Wasifu wa kitaaluma husimama juu ya orodha ya kazi, na orodha nyingi huharibika kwa sababu aliyeiandaa alinakili katalogi bila kufungua vitabu. Tumchukue Bethwell Allan Ogot wa Kenya (1929–2025).

Tafuta jina kwa kila namna linavyoandikwa: Ogot, B. A.; Bethwell A. Ogot, Bethwell Allan Ogot. Ukiandika "Ogot" peke yake utaletewa pia riwaya na hadithi fupi za mkewe, Grace Ogot.

Chora jedwali la safu tano: mwaka, jina la kazi, alichofanya, mchapishaji na mji, kurasa. Safu ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. History of the Southern Luo (East African Publishing House, Nairobi, 1967) aliiandika mwenyewe. Juzuu la 5 la General History of Africa la UNESCO (1992) alilihariri. Kila sura ina mwandishi wake, kwa hiyo usimbebeshe Ogot hoja ya sura isiyo na jina lake.

Zamani, kitabu cha historia ya Afrika Mashariki, kinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1968 kilihaririwa na Ogot pamoja na J. A. Kieran; toleo jipya la 1974 lina Ogot pekee. Ukinukuu kutoka nakala ya 1974 kisha ukaandika 1968, msomaji atafungua ukurasa uliomtajia asikute maneno hayo. Mwaka usiutoe kwenye jalada. Soma ukurasa wa hakimiliki, uandike matoleo hayo mawili kwenye mistari miwili tofauti.

Sasa soma. Kitabu cha 1967 kimejengwa juu ya masimulizi ya wazee, wakati wasomi wengi walikuwa bado wanadai hati. Hilo ni jambo kubwa, na linastahili kukaguliwa kwa makini. Chagua dai moja la uhamaji wa Waluo kutoka kaskazini hadi Nyanza, magharibi mwa Kenya, fuata tanbihi zake: nani alisimulia, wa ukoo gani, ukoo mwingine unasemaje? Angalia pia vizazi vinavyogeuzwa kuwa miaka. Vizazi 10 vya miaka 25 ni miaka 250. Kwa miaka 30 ni 300. Tofauti ya nusu karne inatosha kuhamisha tukio hadi zama nyingine.

Tawasifu yake ya 2003 isome mwishoni. Itakueleza nia na migogoro vizuri sana, lakini tarehe za vyeo zilinganishe na dibaji za vitabu na taarifa za vyuo za miaka hiyohiyo.