Safari ya Kwanza Peke Yako: Nakuru Hadi Kisumu kwa Usiku Mmoja

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru. Kwa miaka tisa sasa, kila baada ya miezi miwili au mitatu, nafunga duka Ijumaa jioni, na Jumamosi alfajiri naondoka peke yangu. Gari sina. Wateja wangu, hasa kina mama, huniuliza kama siogopi. Naogopa sana. Ila nimegundua kwamba nikishajua nitafika saa ngapi na nitalala wapi, hofu hupungua ikabaki ile ya kawaida ambayo kila Mkenya anayo akipanda matatu. Basi hatua nyingi hapa chini zinahusu mambo hayo mawili, na zilizobaki zinahusu kufurahia.

Nimechagua Kisumu kwa sababu si mbali, zaidi kidogo ya kilomita 180, na mji wenyewe umezoea wageni.

Hatua ya 1: Kula peke yako nyumbani kwanza

Ingia hoteli yoyote hapa Nakuru saa saba mchana, wakati imejaa. Kaa mezani peke yako, agiza chakula, na simu ibaki kwenye mkoba mpaka sahani iishe. Mhudumu atauliza, "Unangoja mtu?" Mjibu tu, "La, niko peke yangu, niletee menyu." Mara ya kwanza nilihisi hoteli nzima inanitazama. Mara ya tatu niligundua kila mtu alikuwa anatazama ugali wake.

Wikendi inayofuata panda Menengai. Shimo lile la volkeno lina upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, na ukilitazama kimya bila mtu wa kukuharakisha utaelewa kwa nini wengine tumezoea kusafiri hivi. Nenda Jumapili wakati familia na vikundi vya kanisa vimejaa juu, na usijitenge kwenye kingo zisizo na watu. Ukishuka ukiwa umefurahi, uko tayari kwa Kisumu. Ukishuka ukiwa umeboeka, rudia tena kabla ya kutumia pesa nyingi.

Hatua ya 2: Anzia saa ya kufika, kisha urudi nyuma

Lengo ni kufika Kisumu saa saba au saa nane mchana. Safari yenyewe huchukua muda wa kama saa nne barabara ikiwa nzuri, lakini malori ya Salgaa na mvua ya Kericho haziheshimu ratiba ya mtu. Kwa hiyo saa moja asubuhi uwe steji. Ukifika na jua unaweza kukikataa chumba kibaya na kutafuta kingine. Ukifika saa mbili usiku, utachukua chochote utakachopewa.

Hatua ya 3: Mwambie mtu mmoja tu

Ukiwaambia kumi, tisa watakutisha. Mama yangu mara ya kwanza aliuliza, "Unaenda kumwona nani?" Nikamwambia naenda kuona ziwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Ziwa si liko hapa Nakuru?" Hakuelewa, lakini ndiye ninayempigia hadi leo: nikipanda, nikifika, na nikiingia chumbani usiku. Akikosa ile simu ya tatu anajua la kufanya, kwa sababu nimemwandikia jina la gesti.

Hatua ya 4: Gawanya pesa

Nyingi ziwe kwenye M-Pesa, za nauli mfukoni, na noti ya 1,000 mahali ambapo hata wewe unapata taabu kuitoa. Beba kitambulisho, gesti watakiuliza. Andika namba mbili za simu kwenye karatasi, maana simu ikizima hukumbuki hata namba ya dada yako. Nguo ziingie kwenye begi moja unaloweza kulipakata.

Hatua ya 5: Steji

Hapa ndipo wengi hupoteza ujasiri, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukikaribia, vijana watatu watakushika begi. Usikasirike na usicheke, shika begi lako na useme kwa sauti ya kawaida, "Asante kaka, najua gari langu." Hata kama hulijui. Tembea mpaka kwenye magari, tazama lipi limejaa watu wenye mizigo. Abiria wasio na hata mfuko, wanaopiga gumzo na makanga kama majirani, huenda wamewekwa pale kujaza viti tu. Ukishakaa watashuka mmoja mmoja na utangoja saa nzima.

Chagua sako (ushirika wa matatu) yenye ofisi inayokata tiketi, na usimlipe mtu aliye nje ya gari. Kabla ya kulipa uliza swali moja: "Hii inafika Kisumu yenyewe?" Mwaka fulani sikuuliza. Tulipofika Kericho tukauzwa, abiria sita, kwa gari lingine lililokuwa halijajaa. Tulinyeshewa pale kandokando ya barabara kama nusu saa huku makanga wawili wakigawana nauli yetu. Tangu siku hiyo nauliza, na tiketi naihifadhi mpaka nishuke.

Kaa dirishani upande wa kulia. Ukipita Ahero, mashamba ya mpunga yakiwa kote, milima ya Nandi itasimama upande huo kama ukuta mrefu wa samawati. Kabla ya hapo utakuwa umepanda hadi kwenye baridi ya Mau Summit, ukakata kushoto, ukapita chai ya Kericho iliyokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kinyozi. Kisha joto linaanza. Vua sweta hapo Awasi, usingoje jasho.

Na funga mkanda. Makanga akicheka, mwache acheke.

Hatua ya 6: Chumba

Usilipe kabla ya kukiona. Ukiingia, funga mlango kwa ndani uone kama komeo linakaza, fungua bomba, angalia kama chandarua kina matundu. Chandarua si anasa Kisumu. Ukanda wa ziwa una malaria kuliko Nakuru kwetu. Napendelea ghorofa ya kwanza au ya pili, karibu na barabara kubwa, hata kama pana kelele. Mtu wa mapokezi akiuliza mko wangapi, sema chumba ni cha mtu mmoja, basi. Ukiulizwa barabarani na mtu usiyemjua, mwenzako yuko njiani anakuja. Huo ni uongo, na mimi huusema bila kutubu.

Hatua ya 7: Ziwa, samaki na salamu

Chukua tuktuk au boda mpaka ufukwe wa Dunga. Bei mpatane kabla hujapanda. Salimia kwanza kwa Kijaluo: asubuhi ni "Oyawore", na shukrani ni "Erokamano". Lugha huijui, wanajua huijui, lakini nimeona bei ikilegea kwa salamu moja tu. Kericho ungesema "Chamgei", na ukifika Kakamega siku nyingine, "Mulembe".

Ukitaka kupanda mashua, uliza mambo matatu: bei ni ya mtu au ya mashua nzima, mtazunguka kwa muda gani, na jaketi la kuokolea liko wapi. Kama jaketi halipo, baki ufukweni utazame ndege kwenye mafunjo, hupungukiwi na kitu. Usiingize miguu majini. Kuna kichocho, na kuna viboko ambao hawana haja ya kukufahamu.

Samaki unachagua mwenyewe akiwa mzima, na bei inafuata ukubwa. Mtu mmoja hahitaji mbuta (sangara) mkubwa. Omba ngege (tilapia) mdogo wa mchuzi, ugali na mboga za kienyeji, nawa, ule kwa mkono taratibu. Hapa ndipo mazoezi ya hatua ya kwanza yanalipa. Mara nyingi mtu wa meza ya pili ataanza maongezi, na mtu aliye peke yake ndiye anayeambiwa mambo: nimefundishwa hapo kutenganisha miiba ya kichwa, nikaambiwa pia nisikose soko la Kibuye siku ya Jumapili. Ukiwa na marafiki wanne, nani atakusemesha?

Mwanamume akizidisha maswali, hama meza ukae karibu na mama mpishi na umwambie waziwazi. Sijawahi kuona mama mpishi akishindwa na kazi hiyo. Namba za dharura ni 999 na 112, na 1195 ni ya bure kwa masuala ya unyanyasaji wa kijinsia.

Hatua ya 8: Saa mbili usiku

Hii hakuna aliyeniambia. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, na saa mbili umeshaoga, umekaa kitandani, na upweke unakuja kukaa nawe. Si hatari, ni upweke tu. Mimi huandika matumizi ya siku, shilingi kwa shilingi, halafu nampigia mama ile simu ya tatu na kumsimulia samaki. Kufikia saa tatu usingizi unanichukua.

Hatua ya 9: Kurudi

Jumapili pita Kibuye mapema, lakini saa sita uwe steji. Jioni magari hujaa wanaoelekea Nairobi na nauli hupanda. Ukipata homa katika wiki chache zijazo, hata miezi miwili mitatu baadaye, nenda ukapimwe na umwambie daktari ulilala Kisumu.

Samaki wa kukaanga wa kumpelekea yule uliyekuwa ukimpigia simu wafungwe kwa gazeti mara tatu, kisha mfuko. Muulize makanga kabla hujawaingiza, la sivyo utawapakata mpaka Salgaa huku gari zima likifungua madirisha.