Somo: kumlea mtoto azungumze Kimashi na Kiswahili hapa Bukavu

Kila juma ninaulizwa jambo lile lile: mtoto amezaliwa Ibanda, hapa mjini, anacheza kwa Kiswahili, anahesabu kwa Kifaransa, lakini akifikishwa Walungu, kwa Wabashi wenye lugha ya Kimashi, hawezi hata kumsalimu nyanya yake kwa lugha hiyo. Nimechoka kujibu vipande vipande. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Amueni nani atasema lugha ipi. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat alieleza mwaka 1913 jinsi alivyomsemesha mwanawe Louis kwa Kifaransa tu, huku mama akimsemesha kwa Kijerumani, na mtoto akazipata zote mbili. Kwetu Kimashi ni changu, Kiswahili ni cha mke wangu.

2. Anzeni angali mchanga, msingoje aote meno.

3. Lugha iliyo dhaifu ipeni kazi za furaha. Hapa ndipo nilipoharibu kwa kifungua mimba wangu. Nilicheza naye kwa Kiswahili, nikamlisha kwa Kiswahili, nikamsimulia hadithi kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichonijia upesi baada ya kazi. Lakini nilipokasirika, lugha ya baba yangu ilinitoka yenyewe, kwa sauti ya baba yangu. Alipofikisha miaka mitatu, nikimwita kwa Kimashi, hata kumpa muwa, alisimama mlangoni akauliza kwa Kiswahili: «Papa, nimefanya nini?» Ilinichukua karibu miaka miwili kukitoa Kimashi katika fimbo na kukirudisha kwenye sahani ya sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Angalieni: msikitumie kugombeza tu, wala msikifanye lugha ya siri ya wazazi, wala msimwite mtoto mbele ya wageni aonyeshe anachokijua.

4. Akikosea, msimcheke. Rudieni sentensi yake ikiwa sawa, kisha mwendelee na mazungumzo.

5. Mtafutieni msemaji mwingine. Likizo moja Kabare, kwa nyanya asiyependa Kiswahili, inazidi mahubiri yangu yote.

MASWALI

Mama wa Kadutu: Je, mtoto hatachanganyikiwa?

Jibu: Hapana, mama. Kuingiza neno la lugha moja katika nyingine ni kawaida ya watoto wa lugha mbili. Ukihesabu maneno anayoyajua, yahesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja.

Mwanachama mpya: Nifanye nini ili mtoto wangu ajue Kimashi haraka?

Jibu: Hatua tano ziko hapo juu. Zisome.

Mwanachama wa Ibanda: Kwa heshima, papa, Kimashi kitamsaidia nini? Kazi hutafutwa kwa Kifaransa.

Jibu: Sijamzuia mtu Kifaransa; shule itakileta bila kuniomba ruhusa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kimashi hakimo katika hizo nne. Nisipokisema mimi mezani, mwanangu atakisikia kwa nani?

Papa wa Bagira: Wangu ana miaka minne, anaelewa Kimashi chote lakini ananijibu kwa Kiswahili. Nijifanye sisikii?

Jibu: Usijifanye, ndugu yangu, anajua kwamba unasikia, naye ataona unamdanganya. Kuelewa ni mali tayari. Mpe chaguo ndani ya swali, kwa mfano muulize kwa Kimashi kama anataka maziwa au chai, ili neno la kujibu liwe limekwisha kuingia sikioni mwake. Halafu mpeleke kwa binamu wanaocheza kwa Kimashi, kwa maana mtoto humjibu mtoto mwenzake kabla ya kumjibu baba.

Mama wa Kadutu: Ahsante, papa. Jana ameniuliza kwa nini «omuntu» na «mtu» vinafanana.

Jibu: Huyo mshikilie! Mwambie lugha hizo ni ndugu. Mchezee mchezo wa jozi: omuntu na abantu, mtu na watu, kisha omurhi na mti. Wangu wa pili huwinda jozi kama hizo njiani tukienda sokoni, naye ameanza kunishinda.

Papa wa Bagira: Mimi ninarekodi hadithi za mama yangu kwa simu, watoto wanazisikiliza umeme ukikatika.

Jibu: Wazo zuri kuliko langu lolote. Ila funga mtandao kwanza: katika hadithi yetu ya sungura, shemeji anapiga simu kabla sungura hajatoka mtegoni, na watoto sasa wanadai kipande hicho kisikatwe.